Sahani Ikiwa Tupu

Dada yangu Konsolata,

Wenzangu ofisini wananiita Bwana Tupu. Haya, cheka. Kila mtu akileta programu yake tuikague, mimi namuuliza swali lilelile: na kama hamna kitu? Ghala likiwa halina mzigo, mteja akiwa hakuandika jina, hicho kitu chako kitafanya nini? Vijana wanaguna. Hawajui kwamba swali si langu. Ni lako, na zamani nilikuwa nalichukia kweli.

Unakumbuka mwaka ule wa 2012, nyumbani Kibondo. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na wewe ulikuwa umeshaacha kwenda shamba kwa sababu ya moyo. Ukipanda kile kilima cha kisimani tu, midomo inageuka rangi. Mama akakununulia simu ya vitufe ili ukizidiwa umpigie akiwa huko kwenye mihogo, nami nikaigeuza shule yangu. Ilikuwa na intaneti ya kusuasua. Nilisomea humo namna ya kuandika programu, mstari kwa mstari, kwenye kioo kisichozidi kiberiti. Kompyuta ya kuzijaribia ndiyo sikuwa nayo. Za shuleni zilifunikwa vitambaa na ufunguo alikuwa nao mkuu wa shule.

Ndipo ukaniambia, "Basi niambie mimi. Mimi nitakuwa hiyo mashine."

Ulikuwa umekaa mkekani unachambua maharage. Tukaweka sahani mbili na kopo. Nikakuamuru: chukua harage moja kutoka sahani ya kwanza. Likiwa bovu, tupa kwenye kopo. Likiwa zima, weka sahani ya pili. Rudia. Na wewe kwa ule ukaidi wako hukufanya hata jambo moja ambalo sikulisema. Nikisahau kusema "weka", unabaki umelishika harage hewani, unanitazama kana kwamba hatujuani. Nikikasirika unanijibu, "Mashine haina akili. Akili si unayo wewe?"

Halafu maharage yakaisha, na mkono wako ukaendelea. Unachukua hewa, unaikagua, unaiweka sahani ya pili, unarudi. Nikakuambia, dada, yameisha. Ukachota tena. Nikakuambia acha basi, watu watatuona. Ukasema, "Hukuniambia sahani ikiwa tupu nifanye nini." Nikasusa, nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Narudi, bado unachota. Mama ndiye aliyekuja kutoka shamba akakukuta hivyo. "Mana yanje," akamwita Mungu wake kwa Kirundi chake, "huyu anacheza nini na chakula?" Akakuwekea mkono begani. "Basi, mwanangu."

Ukaacha palepale. Ukacheka mpaka pumzi ikakukata, na aliyegombezwa ni mimi. Jioni tuliyala maharage yale na ugali wa muhogo, ukamwambia Mama hiyo ndiyo programu ya kwanza kuliwa Kibondo.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kibarua Kasulu, kwenye duka la kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa kuchapa barua za watu, kutoa kopi, kuwaingizia vijana nyimbo kwenye simu. Lakini bosi hakuwa mchoyo. Wateja wakipungua aliniachia mashine. Nilipokupigia simu kukueleza, hukunipongeza hata. Ulisema, "Nataka kuiona kompyuta ikifanya ile kazi yangu. Kabla sijafa." Nikakukataza maneno hayo. Ukasema, "Mimi nasema ukweli, wewe andika."

Nikaandika. Nilichora duara mbili zikawa sahani, vidoti vikawa maharage, na pembeni nikachora kopo. Mwaka 2015 Mama akakuleta kutoka Kibondo, unapelekwa hospitali Kabanga, na ukamlazimisha mpitie kwanza dukani kwangu. Uliingia umejaa vumbi jekundu la barabara, umeshikiliwa mkono, miguu imevimba hadi viatu umevibeba. Bosi akakupisha kiti chake. Na umeme, dada, ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Tulisubiri. Ulikikalia kiti kile ukiitazama kompyuta iliyozimika kama mtu anayemsubiri mgeni. Nilitoka mara kwa mara kuchungulia kama maduka ya ng'ambo ya barabara yamewaka taa. Mama akawa ananitazama mimi, kisha anakutazama wewe, mpaka akasema hapana, twende, mtoto anachoka. Ulipoinuka ukaniuliza, "Sahani ikiwa tupu umeiambia nini?"

"Nimeiambia iache."

"Afadhali," ukasema. "Isije ikachoka kama mimi."

Umeme ulirudi mmeshaondoka. Nikaiwasha. Vidoti vikahama vyote kufumba na kufumbua, kazi ikaisha. Nikaona hapa dada hataona kitu. Nikaanza kuipunguza kasi, siku hiyo na iliyofuata, hadi ikaenda mwendo wa mkono wako, hata ule wa kusita ukilitilia shaka harage. Nilikuwa naiweka tayari ukitoka hospitali. Hukutoka. Simu ya Mama ilinikuta nimekaa mbele ya kompyuta.

Nimesoma baada ya hapo, nimepata vyeti, nimeajiriwa. Ninachokifanya leo ndicho kilekile cha mkekani, isipokuwa mashine hizi hazicheki na hazinibishii. Watu wananiambia nimefika mbali. Sijui. Kulikuwa na mtu mmoja tu niliyetaka aione kazi yangu, na aliikalia mbele ikiwa giza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo na silifichi.

Ile programu yako ninayo bado, nimeihamisha kila nilipobadili kompyuta. Juzi niliifungua baada ya wenzangu kwenda nyumbani. Nikaufuta ule mstari unaoiambia iache, nikaiwasha. Maharage yakahama, yakaisha, ikaendelea. Inachukua hewa, inaikagua, inaiweka, inarudi, taratibu, mwendo wako. Nikakaa naitazama. Nilijua kinachotakiwa ni kubonyeza kitufe kimoja. Sikukibonyeza.

Mama yuko huko Kibondo, amezeeka. Mimi niko huku peke yangu, na hakuna wa kuniwekea mkono begani aniambie basi, mwanangu.

Pumzika wewe, dada, uliyeruhusiwa kuacha.

Mdogo wako