Ng'ombe Wangu, Kulungu Wao

Jumamosi, 6 Septemba 2003

Nimewahamisha ng'ombe kutoka shamba la pili. Kunde zimeisha, yamebaki mashina. Vizuri. Wameikanyaga ardhi, wameitia samadi, baada ya wiki mbili napanda oti, nafaka ya kulisha kulungu majira ya baridi. Waya wa umeme wa uzio umenipiga mara mbili. Siafu wekundu wamenila vifundo vya miguu. Nimerudi nyumbani Katy, nje kidogo ya Houston, saa kumi, nikaoga haraka, nikaingia shifti ya jioni nyumba ya wazee. Bibi wa chumba cha sita kasema nanuka kama shamba la baba yake. Nimeichukua kuwa sifa.

Mzee Wendell angecheka. Miezi mitatu sasa tangu tumzike. Kabla hajafa nilimuuguza nyumbani kwake miaka minne, na kila siku hadithi ilikuwa moja: ardhi yake, saa nzima kwa gari kutoka hapa, na kulungu wake waliodumaa, pembe kama vijiti vya kuotea moto. Siku moja nilimwambia, mzee, ardhi yako imekosa ng'ombe. Akanicheka. Wiki iliyofuata akaniuliza nirudie.

Si jambo gumu. Kulungu hali majani marefu. Anakula magugu ya majani mapana, vichipukizi, kunde. Ng'ombe anakula yale majani yanayoyasonga magugu. Ukimwingiza ng'ombe kwa siku chache na kumtoa mapema, magugu yanaota, kulungu anashiba. Ukimwacha akakaa, ameharibu kila kitu. Kazi yote ni kujua siku ya kumtoa. Nyumbani Tanzania, Mbulu, nilikuwa bibi mifugo, nililipwa mshahara kwa kujua hivyo. Huku nimefanya kwa kupenda tu. Yeye akatoa ardhi, mimi nikanunua ng'ombe, mmoja mmoja. Sasa ni ishirini na wawili.

Jumapili, 7 Septemba

Carol amepiga simu kutoka Irving anakoishi. Ndiye binti pekee wa mzee. Anataka kuamua kama auze ardhi au abaki nayo, na anataka kuusikia mpango wetu wa ng'ombe na kulungu Jumatano. Jumatano niko kazini na hakuna wa kunishikia shifti.

Baba Neema akasema, "Niachie mimi, mama Neema. Mikutano ndiyo kazi yangu."

Kweli. Miaka kumi ofisini Houston, mpaka walipopunguza watu mwaka jana. Tangu hapo anaamka saa kumi na mbili, anavaa shati lililopigwa pasi, anakaa. Leo nimemwona usoni kama zamani. Nikampa daftari langu la malisho, ramani, picha za miaka mitatu. Nimekaa naye mezani kwa muda wa saa tatu nikimfundisha. Ameuliza maswali mazuri. Neema atamchapia kwenye kompyuta.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 10 Septemba

Amerudi kutoka Irving saa mbili usiku. Carol hauzi! Mume wake, Greg, ni mwindaji, anataka kulungu mwenye pembe za kutundika ukutani. Baba Neema amecheza na Neema sebuleni mpaka wakavunja glasi. Hatujacheka hivyo mwaka mzima.

Nilimuuliza, walisemaje kuhusu ng'ombe? Wameupenda mpango, akasema. Nilimuuliza, walisemaje kuhusu mimi? Akasema wanakusalimu.

Jumamosi, 20 Septemba

Oti zimeingia ardhini, mashamba yote matatu. Ng'ombe wako upande wa kaskazini na hawarudi huku mpaka msimu wa kuwinda uishe. Mvua imenyesha jioni kama niliyoiagiza.

Nimemwona Kombo. Ni dume, pembe yake ya kushoto imepinda kidogo, ndiyo maana nikamwita hivyo. Alikuwa anakula magugu pale ng'ombe walipotoka mwezi Julai. Mwili bado wa kijana, mgongo umenyooka, shingo nyembamba. Miaka mitatu na kitu. Pembe zake tayari ni kubwa, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu asiyejua ataziona pembe tu. Aachwe miwili mingine. Mzee Wendell aliniapisha kwa hilo: asiyefika mitano hapigwi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Carol na Greg wamekuja kuiona ardhi. Nilikuwa nimepiga magoti nabadilisha betri ya waya. Carol akanipa mkono, akatabasamu kwa moyo kabisa. Akasema, wewe ndiye mke wa Faustini, ametuambia unamsaidia kulisha ng'ombe wake.

Ng'ombe wake.

Nikamtazama baba Neema. Yeye anatazama oti.

Nikasema, "Ndiyo."

Kwa nini nilisema ndiyo? Nimejiuliza njia nzima. Labda kwa sababu mkono wa Carol ulikuwa bado ndani ya mkono wangu. Labda niliona haya kwa niaba ya baba Neema. Halafu ikabidi nisimame pembeni nimsikilize mume wangu akiwaeleza kwa nini kulungu na ng'ombe hawagombani. Maneno yangu. Hata mfano wangu wa wageni wawili wasiopenda chakula kimoja. Kakosea sehemu mbili, hakuna aliyejua.

Greg alikuwa na faili mkononi. Jalada lina jina la Faustini peke yake. Chini yake ramani yangu, imechorwa upya kwa rangi.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya misa. Neema alibaki kwa rafiki yake. Nilimuuliza ndani ya gari, tukiwa tumeegesha.

"Ng'ombe ni wa nani, baba Neema?"

"Wetu."

"Uliwaambia ni wako."

Akasema nisikuze mambo. Akasema lengo lilikuwa kuipata ardhi, na tumeipata. "Unadhani watu wale wangemsikiliza mama anayeosha wazee?"

"Mama huyo ndiye aliyemwosha baba yake Carol."

Akashika usukani. Kisha akasema kwani jina lake si langu. Nikamwambia anitajie ng'ombe mmoja, mmoja tu, kwa jina. Hakuweza. Akawasha gari.

Nimeolewa na mtu huyu miaka kumi na sita. Nilimpa pete na nikampa daftari. Pete bado anayo kidoleni.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemuuliza Neema alichapa nini. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, bila kuinua macho: baba alisema unajua.

Ana miaka kumi na tatu. Si kosa lake. Lakini aliandika "mpango wangu" kurasa kumi na mbili, huku ananiona kila Jumamosi narudi na matope mpaka kwenye nyusi.

Sikumgombeza. Niliingia bafuni nikafungulia maji.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wamemfanya meneja. Ana pikapu ya kazini, nyeupe. Ameagiza mashine ya kumwagia mahindi, Greg kaitaka, na ameiweka karibu na barabara. Mahindi! Kulungu watazoea kusimama mahali pamoja kama kuku. Nimegundua ninaweza kukaa bila kusema kitu muda mrefu sana.

Napika, tunakula. Anashukuru kwa chakula. Analala vizuri. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemsikia baba Neema kwenye simu, yuko uani. Anamwambia Greg kuna dume kubwa, pembe moja imepinda, umri wake ni mitano au sita, amefika. Anakuja kwenye mahindi kila asubuhi.

Nilitoka nje vile vile na mikono ya unga. Nikasubiri akate simu.

Nikamwambia, "Kombo hajafika hata minne. Nimemfuata tangu akiwa na madoa. Mwambie."

"Nimeshaahidi."

"Mwambie umekosea."

"Wiki moja kabla ya msimu niseme sijui umri wa kulungu? Meneja gani huyo?"

Sikumpigia Carol. Namba ninayo. Nilikaa na simu mapajani mpaka Neema akaja kuitaka. Niandike ukweli basi: sehemu yangu moja ilitaka akosee mbele ya watu. Mzee Wendell aliniapisha mimi, hakumwapisha Faustini.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku ya kwanza ya msimu. Baridi kidogo asubuhi, ukungu. Niliondoka kabla ya wao, nikaenda kwa ng'ombe kaskazini. Risasi moja. Ng'ombe waliinua vichwa, wakainamisha tena.

Nilijua.

Baada ya saa nzima baba Neema akaja na pikapu. Hakushuka. Akasema njoo, hawajui kuchuna vizuri. Nikaenda. Kombo amelazwa nyuma ya gari la Greg, ulimi nje. Greg anampiga picha, ana furaha ya mtoto. Carol amesimama na kikombe cha kahawa. Watu wanne tu na mnyama.

Nilimchuna. Kazi naijua. Nilipofika kwenye taya, Greg akauliza ana miaka mingapi. Akamuuliza Faustini, siyo mimi.

Faustini akasema, "Mitano. Labda sita."

Nilikuwa nimeshaufungua mdomo. Meno hayadanganyi. Kulungu akizeeka magego yanalika, kahawia ya ndani inaizidi nyeupe. Gego la kwanza, rangi ya kahawia imeanza kuipita nyeupe. La pili bado. Ningeweza kuikata taya nikaitupa kwenye ndoo na matumbo. Faustini alinitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba. Ni mara ya kwanza kuniomba kitu tangu Septemba.

Nikasema, "Miaka mitatu na nusu."

Nikamwita Carol aje aone. Nikamwonyesha kwa ncha ya kisu, jino kwa jino, kama nilivyofundishwa darasani kwa ng'ombe, nikajifunza mwenyewe kwa kulungu. Greg akacheka, akakoma. Carol akaniuliza nimejuaje umri huo hata kabla ya meno, maana sikushangaa. Nikamwambia nilimwona wiki aliyozaliwa, kwenye nyasi ndefu za mtoni, na ndiyo maana ng'ombe wangu hawaingii mtoni Mei na Juni. Nilisema ng'ombe wangu. Likatoka lenyewe.

Carol akamtazama Faustini muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba alikuwa anasema kwenye simu, mwanamke wa ng'ombe," akasema. "Nilidhani akili zimeanza kumtoka."

Jumapili, 2 Novemba

Baba Neema hakwenda kanisani. Mimi nimekwenda. Sikuomba chochote, nilikaa tu.

Alipofungua mdomo jioni alisema nimemvua nguo mbele ya wazungu. Nikamwambia zilikuwa nguo zangu. Neema alikuwa mlangoni. Amesikia.

Ijumaa, 14 Novemba

Carol amenipigia mimi, kazini. Alikuwa mpole. Amesema ananiamini kwa kila neno. Amesema pia hataki ugomvi wa nyumba ya watu kwenye ardhi ya baba yake. Ameikodisha kwa jirani mwenye matrekta, asiyetaka ng'ombe. Niwatoe kabla ya Krismasi.

Anakuamini, na anakutoa. Nilisimama kwenye korido na simu. Bibi wa chumba cha sita akanipigia kengele, nikaenda, nikambadilishia shuka.

Kama ningeitupa ile taya kwenye ndoo, tungekuwa bado na ardhi. Nimelizungusha hilo kichwani siku nzima. Sijui kama ningeweza kusimama juu ya ardhi hiyo.

Baba Neema amerudisha pikapu. Alitembea kutoka kituo cha basi. Aliponiona mlangoni akasema, "Umefurahi?"

Sikufurahi.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeuza wanane. Niliwachagua mwenyewe, wazee na wale wawili wenye kwato mbaya. Nimepata ekari thelathini kwa Bwana Ruiz, kusini kidogo, mwanamume mkimya anayefuga mbuzi. Ni padogo. Kulungu wapo, nimeona nyayo. Hapendi wawindaji.

Neema amekuja nami bila kuambiwa. Alishika tochi nilipokuwa nawahesabu. Kwenye gari akasema kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno, kwamba angeniuliza kabla ya kuchapa. Nikamwambia ndiyo, ungeniuliza. Hatukuendelea. Alilala begani kwangu mpaka nyumbani, na gia nilibadilisha kwa shida.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo ng'ombe wamehamia kwa Bwana Ruiz. Kumi na wanne. Kwanza uzio. Nilianza mwenyewe saa moja asubuhi, udongo mgumu, sururu inaruka.

Saa tatu baba Neema akatokea. Sijui nani alimleta. Amevaa viatu vya kazi vipya, bado vina karatasi ndani, nilisikia zikikwaruza akitembea. Alisimama upande wa pili wa shimo. Nilidhani atasema kitu. Nilikuwa na majibu tayari, ya miezi miwili.

Akaokota nguzo. Akauliza, "Hii iende wapi?"

Nikamwonyesha kwa mguu. Akachimba. Anachimba vibaya, mdomo wa shimo ni mpana kuliko chini. Sikumsahihisha mpaka la tatu. La nne likawa sawa.

Mchana tulikula mkate na mayai tumekaa mbalimbali. Hakuomba radhi. Angeomba, sijui ningefanya nini nayo. Sijamsamehe, na nimechoka kuangalia kila asubuhi kama nimemsamehe.

Ng'ombe wameshuka kwenye lori saa tisa. Wamenusa, wametawanyika, wakaanza kula.

Majani ni mafupi huku. Niwatoe kwenye kipande hiki Alhamisi.