Punda Hakugeuka Nyuma

Jumamosi, Februari 1957. Upepo wa ziwani umeshinda ukivuma, na vumbi jeupe limeingia hadi ndani ya sufuria. Moyo wangu nao haujatulia tangu Jumanne.

Leo nimempeleka binti yangu, Beti, kwenye ukumbi wa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kuona sinema ya vikatuni. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Sinema ni ile ile ya mwaka jana: punda na mbuzi wamebeba kapu la kabichi kwa mti mmoja mabegani, punda mbele, mbuzi nyuma, wanakwenda sokoni.

Mwaka jana niliketi nyuma ya nguzo. Picha niliiona nusu tu, upande wa punda. Zipora, rafiki yangu, aliketi kando ya nguzo, akaiona yote. Mimi yaliyobaki niliyapata kwa mkalimani, aliyetusimulia kwa kipaza sauti.

"Hii ndiyo biashara, wazazi. Wa mbele aangalie njia, wa nyuma alinde mzigo. Kiongozi hageuki nyuma."

Watoto walicheka mpaka wakaanguka vitini. Niliwakasirikia, nikaona hawana adabu mbele ya funzo kubwa namna ile. Zipora pia alicheka.

Funzo hilo nililishika kama Injili. Tukaanza chai na mandazi nje ya stesheni, mimi na Zipora. Mimi mbele: kukanda, kupika, kuita wateja. Yeye nyuma: mambo ya ofisi, kwa kuwa anajua Kiingereza, na mimi nilifundishwa kuandika Kiswahili tu, kanisani. Tulipopewa kibanda ndani ya soko, ni yeye aliyekwenda kujaza fomu. Sikuuliza ameandika nini. Niliona kuuliza ni kugeuka nyuma.

Jumanne nilikuta sufuria zangu nje, na dada yake Zipora anakanda unga juu ya meza yangu.

"Karatasi ilitaka jina moja tu, Mama Beti," Zipora akaniambia bila kuinua macho. "Sasa mimi ningefanya nini?"

Jina moja. Lake.

Nimesalitiwa, tena na mtu ambaye mtoto wake nilimlea miezi miwili yeye mwenyewe alipokuwa mgonjwa. Naandika hivyo ili nisije nikajidanganya kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Basi leo kipaza sauti kimeharibika, mkalimani hakuja, na mimi nimeketi mbele kabisa. Hapo ndipo nimeiona sinema. Mbuzi anakula kabichi. Anakula tangu hatua ya kwanza, moja baada ya nyingine, na punda anatazama njia tu, akifurahi kwamba mzigo unazidi kuwa mwepesi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kiliketi kando yangu kikicheka, nami nikadhani kinafurahia punda.

Hata yule mkalimani simwelewi. Alikuwa akitazama nini? Au na yeye alisimama nyuma ya nguzo?

Beti amecheka na wenzake, kisha njiani akaniuliza kwa nini punda hakugeuka.

"Aliambiwa asigeuke," nimemjibu.

"Na yeye akakubali?"

Jumatatu mandazi yatangoja. Nitakwenda ofisi ya soko mwenyewe, na karani atanisomea fomu ile kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka tufike penye jina.