Shingo Yangu, Kichwa cha Mama

Nizwa, Oman, Jumatatu. Joto la leo si la kusimulia, mapazia nimeyafunga tangu asubuhi. Kichwa hakiniumi, lakini nimeshtuka.

Shajara, unajua nilivyohangaika na kichwa hiki. Upande wa kulia tu, kinaanzia kisogoni kinaishia nyuma ya jicho. Nimemeza dawa za kipandauso mpaka tumbo likagoma. Shangazi akasema ni husuda, nikasomewa dua. Mwezi huu daktari mpya akanishika shingo, akanipeleka kwenye tiba ya viungo.

Leo ndiyo miadi, Mama akakataa kubaki nyumbani. Mimi mtu mzima na watoto wangu, naye bado ananisindikiza kwa daktari. Akakaa pembeni, mkoba mapajani.

Mtaalamu, dada wa Kiomani aitwaye Thuraya, alinilaza kifudifudi akabonyeza kwa dole gumba, chini kidogo ya fuvu. Kichwa kikaja. Kile kile changu, mpaka nyuma ya jicho! Niliogopa, nusura niruke kitandani. Hakuondoa kidole. Akasubiri, na maumivu yakapungua polepole palepale.

Akanieleza kuwa si kila kichwa kinatoka shingoni, na kipandauso chenyewe ni maradhi mengine, ila changu kinatoka hapo. Nikamgeukia Mama nimwambie, miaka yote kumbe ni hapa tu.

Mama alikuwa keshapeleka mkono shingoni mwake, chini ya mtandio.

"Kwani nyie wenzangu hapo hapaumi?"

Hakuwa akitania.

Thuraya, ambaye Kiswahili hakijui, akaniuliza bibi amesema nini. Nikashuka kitandani kutafuta viatu.

Ndani ya gari nikamuuliza tangu lini. Tangu Unguja, akasema, kabla hujazaliwa. Hakumwambia mtu kwa sababu hakujua kama ni la kuambiwa.

"Nilidhani ndivyo kichwa kilivyo," akasema, kisha akaniuliza kama nyumbani mkate upo.

Nilitaka kulia, nilitaka kumgombeza. Nikaendesha.

Mama akiitwa hageuzi kichwa, hugeuka mzima mzima, mabega na yote. Tangu wadogo tunamwigiza, tunaita maringo ya Kiunguja, naye hucheka pamoja nasi. Jioni hii nimemwita makusudi kutoka jikoni. Akageuka vile vile. Hakuna aliyecheka.

Ni mangapi mengine ya Mama tunayoyaita tabia yake?

Nimemwambia nitamwekea miadi Jumapili, huku ni siku ya kazi. Amekataa, yeye mzima, hataki kushikwashikwa uzeeni. Sikubishana. Nimemwomba tu anitazame bila kugeuza mabega. Akajaribu. Shingo ikaenda kidogo ikakwama, akajaribu tena, ikakwama palepale. Akapeleka mkono shingoni.

"Jumapili saa ngapi?"