Milimita Nane

Jumatatu, 3 Machi

Kinyaa! Nimefika ofisini, kibodi yangu imejaa makombo ya mkate na kipanya kinanata. Kikombe kimeachwa na chai iliyoota utando. Ni Mjomba. Wikendi nzima amekaa kwenye kompyuta yangu. Ni kaka wa Mama na ndiye mwenye kampuni, kwa hiyo nimekaza meno, nikamwambia shikamoo.

Nikafungua mchoro wangu wa bodi ya umeme ya hita ya kuogea. Safi! Ijumaa niliuacha umejaa alama nyekundu za makosa, na leo hakuna hata moja. Mjomba huziita chunusi. Ila chunusi gani hizo zinakauka wikendi moja?

Jumanne, 4 Machi

Nimejua. Hakuhamisha kitu. Amebadilisha sheria ambayo kompyuta inapimia mchoro.

Na sheria yenyewe ni rahisi. Via ni kitundu kilichovishwa shaba ndani, kinapitisha umeme kutoka upande mmoja wa bodi hadi wa pili. Kwenye bodi hii zipo via za umeme wa ukutani, ule wa kuua. Pembeni yake lipo bapa la shaba, na bapa hilo linaungana na vitufe vya chuma — vile vile anavyobonyeza mtu akiwa uchi, amelowa chapachapa. Kati ya via na bapa ziwe milimita nane, umeme usiruke. Niliandika nane. Mjomba kaandika nusu milimita. Basi! Kompyuta haina uchungu na mtu. Ukiiambia nusu inaridhika, inamwaga shaba mpaka karibu na mdomo wa via, inakuambia kazi nzuri.

Nikarudisha nane. Chunusi zote zikafumuka upya. Mjomba akaja kusimama nyuma yangu, ananipumulia kitunguu shingoni. Anasema bodi ikipanuka haitaingia kwenye kasha la hita, na makasha yameshafika, kontena zima. Anasema mimi mwoga kama mama yangu. Halafu akanipapasa kichwa. Mtu mzima mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Ameshaipeleka kiwandani. Yenye nusu. Sikuambiwa, nimeona kwenye barua pepe.

Na kwenye kona ya bodi, herufi za jina langu. Ndiyo desturi yetu, mchoraji anaweka herufi zake. Zamani nilikuwa nazipiga picha! Nimeomba zifutwe. Mjomba akacheka mpaka nikaona nyama iliyonasa kwenye jino lake. Eti hiyo ni heshima, wenzangu wanaililia.

Alhamisi, 27 Machi

Bodi zimerudi, hita za kwanza zimeundwa. Fundi wa majaribio ameweka moja kwenye mvuke tangu juzi. Tunamwita Mate, maana hulamba kidole kabla ya kushika chochote, hata waya. Leo kaniita pembeni, kaninyooshea bodi kwa kidole hicho hicho kilicholowa. Nikaipokea kwa kitambaa.

Mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Unatoka kwenye via, unakwenda moja kwa moja kwenye bapa. Nikanusa — harufu ya samaki aliyeungua. Umeme umeshaanza kujichongea njia.

Nikamwambia twende wote kwa Mjomba. Akalamba kidole, akasema ana watoto. Nikaenda peke yangu. Mjomba hakuishika ile bodi. Aliitazama kwa mbali, kama kitu alichotapika paka, akasema ni vumbi. Vumbi! Mbona hulipangusi?

Jumatano, 2 Aprili

Hita zinatiwa kwenye katoni. Jumatatu zinakwenda madukani. Juu ya katoni kuna picha ya mwanamke yuko chini ya bomba la kuogea, anatabasamu. Nimekwenda chooni nikatapika. Kweli kweli, si maneno ya kuandika.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama amepiga simu, furaha tupu. Kaka yake kampelekea hita, ya kwanza kabisa, zawadi! Fundi anaifunga kesho. Jumapili Mjomba anakuja, itazinduliwa, na mimi nije.

Nikamwambia asiiguse. Nikamweleza via, bapa, milimita, mstari mweusi. Akauliza kama nimesahau nani alinisomesha. Akauliza kama sasa namwita kaka yake muuaji. Nikasema sijasema hivyo. Akasema nimesema. Akakata.

Tangu hapo nawaza. Mtu atampaje dada yake wa tumbo moja kitu cha kumuua? Labda anaamini kweli ni vumbi. Labda tatizo ni mimi, na huu woga wangu. Ningependa sana iwe hivyo.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika hapa hapa, kwenye korido kwa Mama. Nimekaa kwenye stuli, mgongo wangu umeziba sanduku la swichi. Hita nimeizima.

Ilianza vizuri. Bafu limesuguliwa, hita inang'aa ukutani. Mama akatoa taulo jipya, akasema mgeni aoge kwanza, hita ni yake. Mjomba akasema aah, dada, mimi maji baridi ndiyo nimezoea.

Mwongo! Mimi ndiye niliyekuwa namchemshia maji kila akija hapa, sufuria mbili, na bado analalamika yamepoa. Mama akamsihi. Mjomba akasema ana mafua. Ana mafua, kwa hiyo anataka maji baridi! Mama akacheka, akasema basi anaingia yeye. Akachukua taulo.

Mjomba akatazama viatu vyake. Dada yake anavaa kofia ya plastiki kichwani, anakwenda, na yeye hasemi kitu! Hapo ndipo nilipozima.

Sasa Mama amesimama mlangoni mwa bafu, taulo kifuani, anasema niwashe, anasikia baridi. Mjomba anasema niwashe, nisimtese mama yangu. Nimemwambia: Mjomba, vua viatu uingie. Ukishafungua maji nitawasha. Sijawahi kusema naye hivi tangu nizaliwe.

Ametoa leso anafuta shingo. Naandika tu, simtazami usoni, sitaki kumwona.

Mama ameacha kunigombeza. Anamtazama kaka yake. Amemwuliza, si uingie tu?

Mjomba anakunja leso, anaikunjua.

Mama amevua ile kofia. Anamwuliza tena, polepole. Anamwita kwa jina la utotoni, ambalo sijalisikia tangu bibi afe. Ingia basi, anamwambia.

Mjomba anafuta shingo.