Betri Niliyoiamsha

Alhamisi, 6 Juni

Wifi ameleta sanduku la betri za marehemu kaka. Amelitua mezani kwangu kwa mikono miwili, taratibu, akarudi nyuma hatua mbili. Anasema hawezi kulala nyumba moja nalo. Kaka yangu alizipenda betri hizo kuliko alivyompenda yeye, basi na zikae kwa ndugu wa damu! Akacheka kidogo. Kicheko kikamgeukia kilio.

Sanduku la chuma. Chini mchanga mkavu, juu sponji yenye mashimo kumi na mawili. Betri ni kumi na moja. Shimo la saba ni tupu.

Ni betri za magari madogo ya rimoti, yale ya mashindano. Kaka aliyakimbiza kila Jumapili kwa miaka kumi na minne, akanifundisha na mimi, mwalimu mkuu mstaafu, kuyakimbiza bila haya. Kila betri ina ganda gumu la plastiki na namba aliyoiandika kwa rangi nyeupe. Hazitaki shibe, hazitaki njaa. Zisipokuwa na kazi huachwa nusu — volti tatu nukta nane kwa kila seli — na kupimwa kila mwezi. Nimezipima. Zote nusu. Zote zimetulia.

Sikuweza kulifunika lile shimo.

Ijumaa, 7 Juni

Mwenyekiti wa chama chetu cha mbio amepiga simu. Kwa kazi yake ni daktari wa meno. Mkutano mkuu ni Jumapili ya tarehe 16, nami nimepangiwa kuzungumza: nimkumbuke marehemu, kisha nisome azimio. Nalo ni hili: Fundi Bati afutwe uanachama, asiguse tena betri ya mtu yeyote uwanjani. Sababu ni kwamba yeye ndiye aliyelehemu plagi mpya kwenye namba saba, siku nne kabla ya moto uliomwondoa kaka.

"Wewe ndiye mwenye maneno, Mwalimu. Sisi wengine tutapiga kelele tu. Na kosa ni kama jino — likishavimba, ng'oa!"

Nikasema ndiyo. Sauti yangu ilikuwa tulivu. Miaka thelathini ya kusimama mbele ya gwaride la asubuhi imenipa sauti ya aina hiyo. Haikunipa moyo wa aina hiyo.

Jumapili, 9 Juni

Haya sijapata kuyaandika. Nayaandika.

Jumatano ya tarehe 10 Aprili nilichukua gari la rimoti la kaka pamoja na betri namba saba, bila kumwambia, nikaenda uwanjani peke yangu. Nilitaka kuifunza mikono yangu kona ya mwisho, ile iliyoniaibisha mbele ya watu. Nikaiweza! Mara tisa mfululizo! Kwa furaha nikalitia kwenye buti la gari langu, nikasahau kuzima swichi. Betri nayo sikuichomoa. Kesho yake ilikuwa imekauka kabisa. Chaja ikaikataa kwa milio mitatu mifupi.

Kwa betri iliyofika hapo kaka alikuwa na sheria moja: maiti haiamshwi. Hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, ikaaga dunia vizuri, basi. Lakini saba ndiyo iliyompa kombe. Nami niliichukua kimya kimya. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja — nikaogopa kukaripiwa kama mtoto aliyevunja dirisha la darasa.

Basi nikaidanganya chaja. Ujanja huu kila mwanachama anaujua na kila mwanachama anaukana. Unaiambia chaja kwamba hii ni betri ya nikeli, ya kizamani, isiyo na masharti. Dakika tano tu, volti zinapanda. Kisha unairudisha kwenye lithiamu, na chaja inaipokea bila swali. Nikaijaza nusu, nikaifuta vumbi, nikairudisha shimoni mwake. Ilionekana nzima. Lile ganda gumu huificha betri maumivu yake.

Tarehe 19, alipokuwa akiichaji, iliwaka. Alitoka nayo mikononi hadi uani ili nyumba isiungue. Haikuungua. Ila moshi ule ulikwisha kumwingia kifuani.

Siku ya tatu hospitalini, barakoa ya hewa usoni, hana sauti, alinitazama mimi. Akainua vidole. Vitano. Kisha viwili.

Wifi akaniuliza: Saba? Anahesabu siku?

Nikamwambia ndiyo, anahesabu siku.

Jumatatu, 10 Juni

Naisikia chaja. Waya wake nimeuchomoa, umo mkononi mwangu humu, na bado naisikia. Milio mitatu mifupi.

Jumatano, 12 Juni

Fundi Bati amekuja asubuhi. Alipachikwa jina hilo kwa sababu ya lile bati la kulehemu lisilomtoka vidoleni. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Karibu."

Hakuja kujitetea, alisema. Alikuja kuuliza. Je, marehemu alinung'unika juu ya ile plagi? Hata neno moja?

"Mimi huhesabu sekunde, Mwalimu. Moja, mbili, tatu, natoa chuma. Betri haipendi joto. Ila siku ile simu ililia. Labda nilifika tano. Nimeirudia kichwani mpaka sasa naiona kabisa, nilifika tano. Juzi nimeiona sita."

Nikamwambia asijilaumu. Akaniangalia kwa upole.

"Mbona wanasema wewe ndiye utakayesoma?"

Nikamwuliza kama ana kiu.

Akacheka, kicheko cha kweli. "Mwalimu! Hata shuleni hatukuwahi kuulizwa kiu kabla ya viboko!"

Alinywa maji yake yote. Akaacha juu ya meza kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akasema kikae pamoja na vyombo vya marehemu, yeye mkono wake haukiamini tena. Nimefungua. Ni chuma chake cha kulehemu. Mpini umechakaa, umeshika umbo la kiganja chake.

Mtu huyu anajitungia kosa langu, na kila siku analiongeza sekunde.

Ijumaa, 14 Juni

Kaka alinifundisha kuijua betri iliyovimba kwa siri: ilaze juu ya kioo, iguse pembeni. Nzima hutulia. Mgonjwa huchezacheza. Leo nimezilaza zote kumi na moja juu ya meza ya kioo, moja moja. Ya nne imecheza. Kidogo — kama mtu anayetikisa kichwa akikataa jambo. Sikumbuki kuiona hivyo juzi. Nimeitoa uani, kwenye ndoo ya chumvi, nami nikasimama mbali. Mapovu yalipanda mchana kutwa.

Alasiri wifi akaja tena. Amepata daftari la kaka la betri kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza. Hakulifungua. "Hesabu zenu hizo, wifi yangu, mimi zinanitia kizunguzungu." Akaondoka.

Ukurasa wa namba saba. Mwandiko wake mdogo, ulionyooka:

Alh. 18/4. Ukinzani wa ndani umepanda mara tatu. Si kazi ya Bati, amelehemu safi. Hii imekauka, kisha ikaamshwa. Kesho niichaji polepole mara moja, nihakikishe, kisha chumvi.

Na chini yake, kwa kalamu nyingine:

Namjua aliyeiamsha. Simwulizi. Atasema mwenyewe.

Nimelifunga. Nimelifungua. Maneno hayakubadilika.

Alijua. Siku nzima alijua, na simu yangu iko mezani kwangu, na hakuipiga. Alikuwa ananisubiri! Vile vidole havikuwa shutuma. Au vilikuwa. Niliketi pale nimemshika mkono, akaniachia mlango wazi wa namba moja tu, nami nikasema anahesabu siku.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeandika hotuba mbili. Ya kwanza ni nzuri mno. Ina utangulizi, ina methali mahali pake, ina kituo cha machozi. Itapigiwa makofi. Ya pili ina sentensi tatu, na kila nikiisoma kwa sauti, ile sauti yangu tulivu inakatika kwenye sentensi ya kwanza.

Wifi je? Kesho atapata ukweli na kumpoteza wifi yake, saa hiyo hiyo. Hana mwingine wa kumletea masanduku.

Mwenyekiti amepiga tena. "Usiwe mrefu, Mwalimu, viti vya ukumbi ni vya mbao."

Jumapili, 16 Juni

Ukumbini. Naandika chini ya meza kuu, shajara juu ya magoti, kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Watu wapata sitini. Picha ya kaka imesimamishwa kati ya makombe mawili. Wifi yuko mstari wa mbele. Ameniwekea kiti kando yake, na juu ya kiti mkoba wake, mtu asikikalie.

Fundi Bati yuko nyuma kabisa, karibu na mlango. Amevaa koti. Amekuja kufukuzwa akiwa nadhifu.

Hotuba zote mbili nimeziacha nyumbani, chini ya chuma cha kulehemu. Nimekuja na daftari la betri tu. Liko mbele yangu, limefunguliwa kwenye ukurasa wa namba saba. Mwenyekiti amelitupia jicho, akadhani ni kumbukumbu za mashindano. "Vizuri," ameninong'oneza, "watu wanapenda takwimu."

Sasa yuko kwenye kipaza sauti. Ananisifu. Anasema kama kuna mtu katika chama hiki asiyejua kuficha neno, ni huyu dada wa marehemu. Makofi. Bati naye anapiga makofi.

Mwenyekiti ananigeukia. Anafunika kipaza sauti kwa kiganja, na kwa mkono mwingine ananionesha dakika nilizopewa.

Vidole vitano. Kisha viwili.

Wifi ameviona, vile vile vya hospitalini. Ameacha kupiga makofi. Ananitazama mimi, si mwenyekiti — midomo inamcheza, kama anayehesabu upya kitu alichokwisha kukihesabu zamani —