Wakwe wa Torino na Fleti ya Chini

Jumapili, 10 Desemba

Wamefika. Ettore na Ornella Ghibaudo, wazazi wa Edoardo, mchumba wa binti yangu Ninfa. Makoti mazito, kana kwamba Palermo nayo ina theluji.

Harusi ni Mei. Hilo halina mjadala. Linalojadiliwa—kwa heshima, kwa tabasamu, na kwa kukanyagana chini ya meza—ni makazi. Wao wana nyumba kubwa Torino. Sisi tuna fleti ya chini, tupu tangu alipofariki shangazi yangu, na ngazi fupi tu kati ya mlango wake na kahawa ya mke wangu Melina. Edoardo asema ataishi popote watakapokubaliana wazee. Ninfa hasemi kitu. Nimeufasiri ukimya wake kwa faida yangu, kama nilivyokuwa nikiifasiri mitihani ya wanafunzi niliowapenda.

Basi nina hadi Jumamosi, watakapoondoka, kuwafanya wageni hawa waupende mji wetu kiasi cha kuona haya kumtoa binti ndani yake. Maisha yangu yote nimefundisha historia, silaha ninayo. Nikamsomea Melina ratiba: kesho tunaanza na wafalme wa Kinormani.

Akauliza wageni wamekosa nini.

Jumatatu, 11 Desemba

Kanisa la Ikulu. Nilizungumza. Naamini nilizungumza vizuri: mfalme aliyewaita mafundi Waarabu wamchongee dari, Wagiriki wampambie kuta kwa dhahabu, kisha akasali humo kwa Kilatini. Nilipofika kwenye neno "maridhiano" niligeuka ili nione athari yake.

Ettore alikuwa amelala. Ameketi wima, kichwa nyuma, kinywa wazi kuelekea mbinguni. Mtalii mmoja alipita akinyata, akidhani mzee ametekwa na ibada.

Ornella aliniuliza kwa upole choo kiko wapi.

"Baba Ninfa," Melina akaninong'oneza, "hebu mtazame Kristo pale ukutani. Hata yeye ameinua mkono kukuomba unyamaze."

Niliendelea. Zilikuwa zimebaki karne mbili.

Jumanne, 12 Desemba

Nimepinduliwa. Melina amewachukua wageni kwenda sokoni Ballarò—mahali nilipopanga wasipaone kabisa, kwa sababu ya kelele, maji machafu na vichwa vya samaki. Mimi niliruhusiwa kufuata nyuma na kubeba mifuko.

Kwenye kibanda cha mkate wa bandama, muuzaji hakungoja salamu.

"Mama, nikupe mseja au aliyeoa?"

Ornella akanitazama kwa hofu. Nilifungua kinywa kufafanua. Melina akaniwahi: mseja ni bandama tupu, aliyeoa ni bandama na jibini.

"Aliyeoa," akasema Ornella, "ila awe mtulivu."

"Mtulivu hatuna, mama. Watulivu wote wamehamia kwenu kaskazini."

Soko zima likacheka, na Ornella kuliko wote. Ettore, aliyekuwa macho kabisa, alikula mkate wake, akamalizia wa mkewe, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye saa. Nilikuwa na hotuba fupi kuhusu asili ya soko lile. Bado ninayo.

Jumatano, 13 Desemba

Aibu. Niiandike haraka, ipoe.

Niliagiza meza mgahawani kwa Don Mommo, ambaye amenihudumia tangu nikiwa kijana mwenye nywele. Wageni wakaketi. Nikasimama—sijui kwa nini nilisimama—nikatangaza kwamba leo wataonja fahari ya Palermo, tambi za dagaa, nami nikaagiza kwa niaba ya wote, pamoja na mkate.

Don Mommo hakuandika. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayeuliza leo ni mwaka gani.

"Profesa. Leo?"

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Lusia. Mji mzima hauli mkate wala tambi, wala chochote cha unga wa ngano, kwa kumheshimu aliyetuokoa na njaa na anayetulindia macho. Sijawahi kuivunja siku hii tangu niote meno. Kwa hamu ya kuwauzia watu Palermo, niliisahau Palermo.

Nikajaribu kujiokoa: nikasema wageni si wa hapa, hawabanwi.

"Macho wanayo?" akauliza Don Mommo. "Basi wanabanwa. Mimi siwezi kumpofusha mama wa watu jikoni kwangu."

Akatuletea madonge ya wali yaliyokaangwa, kisha bakuli za ngano nzima iliyochemshwa, na jibini laini ya kondoo juu yake. Ettore alikula. Mwishowe akasema, huku akitazama bakuli:

"Kwetu naweza kula misumari, Profesa, na hakuna atakayeniuliza. Tangu Edoardo aondoke nyumbani, tunakula tukitazamana."

Melina akamwongezea ngano. Mimi nilikuwa nikihesabu ushindi.

Alhamisi, 14 Desemba

Ettore aliomba kusema neno baada ya chakula cha mchana. Nilitayarisha uso wa mshindi mwenye huruma.

Alisema wameshindwa. Palermo imewashinda, na mimi, kwa elimu yangu, nimewafumbua macho. (Macho!) Kwa hiyo, kama hatutachukizwa, yeye na Ornella wanaomba kupanga fleti ya chini. Nyumba ya Torino watawaachia watoto.

Kisha Ninfa akaanza kulia, na mimi, mpumbavu, nikamshika mkono kumfariji. Alikuwa akilia kwa furaha. Kumbe amepata kazi Torino tangu Oktoba. Alikosa ujasiri wa kuniambia.

"Ulikuwa unaongea, baba," alisema. "Nilisubiri umalize."

Ijumaa, 15 Desemba

Ornella yuko chini na futi, anapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Melina amempelekea kahawa. Ngazi ile fupi. Nimewasikia wakicheka hadi huku.

Ninfa ameingia chumbani mwangu kuomba sanduku langu kubwa la safari. Akaniuliza kama Torino kuna makanisa ya kutazama. Nilimwambia yapo. Nikaishia hapo, akabaki mlangoni akingoja, kana kwamba nimeugua.

"Profesa!" Ornella anaita. "Njoo unishikie upande mmoja, futi inaniponyoka."

Nimeshuka mara moja, nimerudi, naitwa tena. Bado dirisha la upande wa bahari. Anataka kujua jua la asubuhi huingia hadi wapi, nami ndimi pekee hapa ninayelijua, kwa kuwa nilikuwa nimekwishaamua kitanda cha mjukuu kingekaa wapi.