Mkeka wa Harusi ya Mariamu

Mjukuu wangu Zaituni,

Salamu kutoka Bugembe. Sisi wazima, babu yako anakusalimu huko Mbale.

Umeuliza kama ni vibaya kusuka na kupumzika kwa kufuata majira ya nyota. Si vibaya. Baba yangu alijua falaki, nami nilisuka hivyo. Lakini dada yangu Mariamu aliponiomba mkeka wa harusi, nilimjibu, "Huu msimu wa Nge, mikono yangu inapumzika." Nilimdanganya, nilimwonea wivu. Siku ya harusi alikalia mkeka wa kuazima.

Juzi nilimwambia ukweli, nimeinamisha uso. Akasema, "Nilijua. Jioni ile ile nilikuona unasuka wako."

Ukichoka, mama, pumzika. Mimi niliisingizia nyota, na bado naona haya.

Bibi yako, Hadija